Pipi za Tangawizi Tulizopika Mabwerebwere

Pipi zetu hazikuwa na karatasi. Zilikaa uchi ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati, vipande vifupi kama kidole cha mtoto, mstari mweupe, mstari wa kahawia. Ukitia moja mdomoni kwanza unapata utamu, halafu tangawizi inakuja nyuma yake taratibu mpaka puani. Madereva wa malori waliopita Mikumi kwenda Iringa na Zambia walizipenda kwa hiyo tangawizi. Walisema inafukuza usingizi. Sisi tulizipika nyumbani kwetu Mabwerebwere, Kilosa, mimi na mume wangu.

Majina ya watu wote nitakaowataja ninayo kichwani, hata la yule utingo aliyenunua pipi moja akairudisha kwa sababu ina ufa. Lakini watu hao wana watoto na wajukuu, na sikuwaomba ruhusa. Nitawaita kwa kazi zao.

Ufundi wenyewe haukuanzia kwetu. Ulitoka Uingereza kwa ukoo mmoja wa wapika pipi, ukafika Kilosa kwa binti yao aliyeolewa na meneja wa shamba la mkonge. Mume wangu, kabla hajanioa, alikuwa mpishi wa nyumba ile. Bibi yule wa Kizungu hakupenda kuingia jikoni kwa ajili ya nyama wala mkate. Aliingia kwa ajili ya sukari tu. Akiwa na hamu ya kwao, alivaa aproni, akamwambia mume wangu awashe moto, akaanza kupika na kusimulia.

Babu yake alikuwa mbeba makaa ya mawe. Alianza na sufuria moja kwenye jiko la nyuma ya nyumba, mkewe akabeba kapu kwenda kuuza siku ya gulio. Wakapata watoto wengi, na kila mtoto akapewa kazi yake: huyu kupika, huyu kuvuta, huyu kuendesha gari la farasi, mabinti kufunga karatasi mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Mwishowe wakajenga kiwanda chenye bomba la moshi, jina la ukoo limeandikwa ukutani kwa herufi za kumpita mtu urefu. Bibi alisema mji mzima ulijua wanapika nini siku hiyo kwa kunusa hewa.

Na walikuwa na sheria yao. Sukari ikiwa motoni, hakuna kusema. Siku moja yule babu alikuwa akibishana na mwanawe juu ya sufuria, sukari ikapita kipimo, ikashika moto, nusu ya jiko ikaungua. Tangu siku hiyo ukoo ule ulipika kimya, baba na watoto, kiwanda kizima, wakionyeshana kwa vidole.

Mwaka mmoja bibi alipata barua. Ndugu zake wameuza kiwanda kwa kampuni kubwa, na jina limefutwa ukutani. Mume wangu aliniambia bibi hakulia mbele yake. Alisema tu, "Washa moto." Siku ile hakukuwa na mgeni wala sikukuu. Walipika mpaka sukari ya ghala ikaisha, na hakuna aliyesema neno.

Wazungu wa mkonge walipoondoka, bibi alimwachia mume wangu vitu vitatu: sufuria ya shaba, kulabu ya chuma ya kuvutia sukari, na mkasi mzito wa kukatia. Ule unga mweupe wa kopo aliokuwa akiletewa kwa posta, wa kuzuia sukari isirudi kuwa mchanga, uliisha mapema. Mume wangu akahangaika, akajaribu ukwaju, akajaribu siki, mwisho akapata ndimu. Ndimu nne kwa sufuria moja. Badala ya mnanaa wa kule kwao akatia tangawizi ya milima ya Uluguru. Ndiyo hivyo pipi zikawa zetu. Ila sheria ya ukimya aliichukua nzima nzima, hakuipunguza.

Mimi sikuijua nilipoolewa. Nilikuwa na wiki mbili ndani ya nyumba, nikamkuta anapika, nikamuuliza, "Nikuletee kuni?" Hakujibu. Nikadhani hajasikia, nikasema tena kwa sauti. Mara sukari ikafifia, ikashikana, ikageuka mchanga mtupu mbele ya macho yetu. Aliimwaga bila kunitazama. Jioni ndipo aliponiambia, pole pole kama mtu anayemwambia mtoto, kwamba sauti huingia kwenye sukari. Niliamini. Nani angekuwa mimi asingeamini? Nimesema, na imeharibika.

Basi nikajifunza. Kidole kimoja juu, ongeza ukuni. Viganja vikitazama chini, punguza. Akigusa sikio, leta maji baridi ya kupimia. Tone la sukari likidondoka majini na kuvunjika ka! kama kioo, tunaipua, tunaimwaga juu ya jiwe lililopakwa mafuta, nusu tunaiacha na rangi yake, nusu anaitundika kwenye kulabu na kuivuta, anaikunja, anaivuta, mpaka inakuwa nyeupe na kung'aa kama hariri. Watoto tulikuwa tunawapeleka kwa jirani. Na jirani yule alikuwa na mdomo. Wageni wakimuuliza mbona nyumba ile imenyamaza, kuna msiba? Anajibu, "Msiba gani! Wale wanapika pipi. Subirini, wakimaliza mtawasikia wanavyogombana."

Kupika hakukuwa kila siku. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari kwa kibali, na unapoipata ni ile ya kahawia ya kwetu, yenye punje kubwa na uchafu unaopanda juu kama povu. Tuliukomba kwa upawa. Tukikosa sukari mume wangu alikwenda Kilangali kupalilia shamba la mbegu, lakini mikononi mwake jembe halikukaa vizuri. Alikuwa mtu mwingine kabisa mbele ya sufuria. Mgongo unanyooka.

Sasa kuna jambo nililolifanya katika miaka hiyo ambalo sikumwambia. Alisafiri kwenda kwenye matanga kwa shangazi yake, na mfanyakazi mmoja wa reli akaniletea kilo chache za sukari nyeupe ya nje. Sijui aliitoa wapi na sikumuuliza. Nikasema ngoja nipike mwenyewe. Nikatia ndimu nne, nikanyamaza kama sheria inavyotaka. Pipi zilitoka nzuri ajabu, zinaonyesha upande wa pili. Kufika adhuhuri zikaanza kulia. Zilitoa jasho, zikashikana, zikawa kama gundi. Nikarudia kwa ndimu tatu, zikalia. Nikarudia kwa moja na nusu, zikakaa kavu. Nilielewa kwamba ule uchafu wa sukari yetu ndio ulikuwa unakula ukali wa ndimu, na sukari safi haina cha kuupunguza. Nikawapa watoto wazile zote, nikasugua sufuria kwa majivu. Kupika bila yeye lilikuwa kosa, kwa hiyo nilichojifunza nacho nikakifunika humo humo.

Ndipo ikaja ruksa ya biashara. Milango ikafunguliwa, na vitu vikaingia kama mto Mkondoa wakati wa masika. Mitumba, redio, sabuni za kunukia, kanga za kila rangi. Sisi tulifurahi, nisiseme uongo. Sukari ikawa dukani bila kibali! Tulipika mara mbili kwa wiki, mara tatu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mwenye duka mmoja pale Mikumi, kando ya barabara kuu, mahali malori yanapoegesha. Alikuwa kijana wa kutoka kaskazini, mpole, mwenye haraka. Chupa yetu alikuwa ameiweka kwenye rafu ya usawa wa macho. Siku moja mume wangu alirudi kutoka kwake akiwa na pipi moja mkononi, imefungwa karatasi ya kung'aa yenye picha ya tunda.

"Onja," akaniambia.

Nikaonja. "Tamu. Haina kitu kingine."

"Zimekuja katoni kwa katoni. Amesema ana rafu moja tu. Tumpelekee madebe mawili kabla ya sikukuu. Zikisimama mbele ya hizi, rafu inabaki yetu. Zisiposimama, anaweka hizi."

Alikaa kwenye kigoda, akaigeuza ile karatasi huku na huku. Nilimwona anaogopa. Miaka yote ya foleni sikuwahi kumwona anaogopa.

Kesho yake alirudi na sukari nyeupe ya nje, gunia zima. Anataka pipi zing'ae. Anataka mtu akiziangalia ndani ya chupa asione tofauti na za Ulaya.

Tukawasha moto alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na hewa ilikuwa nzito, bati linatona. Sukari ikayeyuka, haikutoa povu hata kidogo, upawa umekaa bila kazi. Nikamwona anachukua ndimu. Moja. Ya pili. Nikafungua mdomo. Akanitazama, nikakumbuka ile wiki ya pili ya ndoa yetu, nikaufunga. Ya tatu. Ya nne.

Niseme ukweli, haikuwa sheria peke yake iliyonifunga. Kama ningesema, angeniuliza nimejuaje. Nikajiambia labda mkono wake yeye utakuwa tofauti na wangu. Nikachochea moto. Tulipika sufuria baada ya sufuria, siku mbili, na kila sufuria ndimu nne. Tulizikata zikiwa bado vuguvugu, tukazipanga kwenye madebe, tukafunika kwa nailoni na kufunga kamba. Zilikuwa nzuri. Mume wangu aliinua moja kuelekea mlangoni, akatazama mwanga kupitia ndani yake, akacheka peke yake kama mtoto.

Tulipanda nyuma ya lori la mkaa kwenda Mikumi, yeye debe lake miguuni, mimi langu. Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Njia ile wakati huo ilikuwa mashimo matupu, safari ya siku nzima, na tulipofika jua limeshapinda.

Dukani kulikuwa na madereva wanakunywa chai. Mwenye duka akatoka nje.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuletea," mume wangu akasema, akakata kamba kwa meno. Alitaka wote waone.

Akafunua. Juu palikuwa panang'aa kama maji. Akaingiza mkono achukue moja, ikaja na nyingine, na nyingine, na debe lenyewe likainuka. Akalivuta. Mwenye duka akamsaidia kulipindua kichwa chini juu ya meza. Hakikutoka kitu. Halafu pole pole likatoka bonge zima, limechukua umbo la debe, mistari yote imeingiliana.

"Mzee, umeleta jiwe la kujengea?" dereva mmoja akauliza.

"Hilo la kukata kwa shoka!" mwenzake akadakia. "Mama, shoka liko wapi?"

"Muacheni, ni keki ya harusi."

Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka na wamepata cha kucheka. Mume wangu alifungua debe la pili mwenyewe, ingawa hakuna aliyemwomba. Lilikuwa vile vile. Mwenye duka hakucheka. Alichukua kitambaa, akafuta meza, akasema, "Mzee wangu, pole. Lakini ulinipa neno na mimi nilikupa neno." Nikamwona anaingia ndani, anaishusha chupa yetu kutoka kwenye rafu, anaanza kupanga zile za karatasi.

Tulikaa chini ng'ambo ya barabara kungoja gari la kurudi. Mume wangu alikuwa anajikwangua sukari kwenye vidole. Akasema, bila kunitazama, "Ni mikono yangu. Imezeeka. Nitarudi Kilangali."

Hapo nikashindwa. Kumwacha anyang'anywe rafu niliweza, lakini kumwacha ailaumu mikono ile sikuweza.

"Si mikono," nikasema. "Ni ndimu."

Akageuka.

Nikamwambia yote. Mfanyakazi wa reli, matanga ya shangazi, sukari nyeupe, zilivyolia, zilivyokauka. Nilisema haraka haraka nikitazama lami, nikingoja anipige kelele mbele za watu. Lori likapita, na la pili. Halafu akauliza, "Ngapi?"

"Nini?"

"Ndimu. Zilikauka kwa ngapi?"

"Moja na nusu."

Akafumba macho kama anayeonja. "Moja na nusu," akasema. "Na uliziona zimekauka mpaka lini?"

"Siku ya nne zilikuwa bado. Baada ya hapo watoto walizimaliza."

"Mwanamke wewe." Nikajikunja. "Ulijua. Ukaniona nakamua ya tatu, ya nne, ukanyamaza."

"Ningesema ungenifanyaje?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, akajibu kweli. "Ningekutoa jikoni."

"Basi."

"Basi," akarudia. Na tukakaa hivyo mpaka gari likaja.

Wiki nzima hakugusa sufuria. Nilidhani ameamua. Hata jembe alilitoa, akalinoa. Asubuhi moja nikamsikia anakatakata tangawizi. Nikaingia jikoni, nikakaa mahali pangu pa siku zote, pembeni ya kuni, nikafumba mdomo. Sukari ya mwisho ya lile gunia ikaanza kuchemka. Akachukua ndimu, akaikamua yote. Akaikata ya pili, akaishika nusu juu ya sufuria.

"Haya," akasema, sukari iko motoni inatokota. "Sema."

Nilitazama sukari kwanza, kama itageuka mchanga. Haikugeuka.

"Hiyo nusu tu," nikasema. "Ukuni huo vuta nje kidogo, moto umezidi upande wako."

Akauvuta.

Zilitoka chupa moja. Tuliziacha siku tano wazi kwenye sinia tukiziangalia kama watu wanaochunga mgonjwa. Hazikutoa jasho. Nikamwambia tuzipeleke. Akasema mwenyewe hawezi kusimama tena mbele ya meza ile. Nikaenda peke yangu.

Mwenye duka alitia moja mdomoni, akaitafuna, akaguna. "Hizi ndizo," akasema. "Hizi ni bora kuliko zile za zamani. Lakini angalia, mama." Akanionyesha rafu. Karatasi za kung'aa toka mwanzo hadi mwisho, nyekundu, kijani, manjano. "Nimeshachukua katoni kumi. Watoto wanataka karatasi. Madereva wanazitia mfukoni, hazinati. Rafu siwezi kukurudishia."

"Nimekusikia."

"Lakini kibaraza hiki ni changu, na sikutozi kodi. Kaa hapo nje na chupa yako, uziuze mwenyewe. Mzee aje."

Mzee hakuja hata nilipomfikishia maneno hayo. Alisema fundi hakai kibarazani kuita watu. Sikumlaumu. Nilikaa mimi, kuanzia siku ile ile, kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu, chupa mapajani.

Saa nzima hakuna aliyesimama. Halafu akaja mama mmoja wa Kimasai na kibuyu cha maziwa na mtoto mgongoni, akainama kuangalia chupa.

"Hizi mbona hazina nguo?" akauliza.

"Zimeoga," nikamwambia.

Akacheka mpaka mtoto akaamka. Akampa mtoto moja. Mtoto akakunja uso tangawizi ilipofika, akataka kulia, akabadilisha nia, akanyoosha mkono apewe nyingine. Mama yule akanimiminia maziwa kwenye kikombe changu bila kuniuliza kama nataka maziwa, akachota pipi zake. Hatukupatana bei siku ile wala siku nyingine yoyote kwa miaka yote niliyokaa pale.

Nyuma yake akaja dereva wa lori la Zambia, mtu mzima, anafikicha macho. "Mama, si zile za tangawizi hizi? Nimezitafuta ndani sizioni."

"Ndani pamejaa."

"Nipe za kunifikisha Iringa. Na za kurudia."

Niliporudi Mabwerebwere kesho yake, mume wangu alikuwa amekaa mlangoni. Hakuniuliza nimepata nini. Aliuliza nani alikula, na alipokula uso wake ulikuwaje. Nikamwambia wa yule mtoto. Nikamwigizia, uso umekunjwa, kisha mkono umenyooshwa. Akaniambia niigize tena. Kisha akainuka, akaingia jikoni, nikamsikia anauliza kwa sauti kubwa kuni kavu nimeziweka wapi.